Kocha wa Raga wa Mtaani: Namna ya Kufunza ili Mtoto Arudi Kesho

Raga imeingia Pwani kitambo, ila wengi wetu bado huiona kama mchezo wa watu wa bara, au wa shule kubwa zenye viwanja vya nyasi. Mombasa ina klabu yake inayochezea Mombasa Sports Club. Mombasa hiyohiyo ni mwenyeji wa Driftwood Sevens, mojawapo ya mashindano ya msururu wa kitaifa wa raga ya wachezaji saba. Na jioni, kwenye viwanja vya shule na vya mitaa, kuna vijana wa kiume na wa kike wanaorushiana ule mpira wa umbo la yai chini ya kocha ambaye mara nyingi halipwi hata nauli.

Shida yetu si kupata watoto, kwa maana watoto huja. Shida ni kwamba hawakai. Mwanzo wa muhula uwanja hujaa, na muhula ukiisha utawahesabu waliobaki kwa vidole. Mzazi atasema ni simu. Kocha atasema watoto wa siku hizi ni wavivu. Mimi nilisomea diploma ya ualimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimama pembeni ya viwanja hivi nikitazama. Nionavyo, sababu kubwa iko kwenye namna tunavyowafunza, na hiyo ndiyo sababu tunayoweza kuirekebisha bila kungoja pesa za mtu.

Tusilichukulie jambo hili kama la michezo tu. Kijana anayeacha uwanja saa kumi na moja jioni si lazima aende nyumbani. Maskani yapo, na kwenye maskani kuna watu wenye subira kubwa ya kumfunza mambo mengine. Mwaka 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kupiga marufuku muguka, na kesi zikaenda mahakamani. Mahakama na wanasiasa wana yao. Kocha wa mtaani ana saa moja kila jioni, na saa hiyo ikiwa nzuri mtoto atarudi kesho.

Kukaripia kuna gharama

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila kocha aujue. Ulifanywa Marekani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1992. Ulihusu besiboli ya watoto, lakini mtoto ni mtoto, awe na gongo au na mpira wa raga. Baadhi ya makocha walipewa mafunzo ya saa chache tu. Waliambiwa wasifu juhudi pamoja na matokeo, mtoto akikosea wamtie moyo kisha wamwonyeshe namna ya kufanya, na waache adhabu na matusi. Makocha wengine waliachwa waendelee kama walivyozoea.

Msimu uliofuata, kwa wale makocha waliofunzwa, ni asilimia 5 tu ya watoto walioacha mchezo. Kwa wale wengine, walioacha walikuwa asilimia 26. Na timu za makocha waliofunzwa hazikushinda mechi nyingi kuliko zile nyingine, kwa hivyo hatuwezi kusema watoto walibaki kwa utamu wa ushindi. Walibaki kwa sababu ya namna walivyotendewa.

Nasema haya kwa kuwa desturi yetu ya kufunza ina ukali mwingi. Wengi tulilelewa kwa bakora, shuleni na kwingineko, na tukadhani ndiyo iliyotufanya watu. Nimemtazama kocha mmoja, sitamtaja, akimwita mtoto wa miaka kumi na mbili majina ya wanyama mbele ya wenzake kwa kuangusha pasi. Mpira uliofuata mtoto yule hakutaka hata kuushika. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini kumkunja si kumvunja.

Foleni ndiyo adui wa kwanza

Nenda uwanja wowote utaiona. Watoto ishirini wamepanga mistari miwili, wawili wanakimbia wakipasiana, waliobaki wanangoja. Tupige hesabu. Zamu moja ni nusu dakika. Katika dakika 20 zinapatikana zamu 40 za watoto wawili wawili, basi kila mtoto anapata zamu 4. Hiyo ni dakika 2 za kufanya na dakika 18 za kusimama. Katika dakika hizo 18 watasukumana, watatupiana mchanga, na kocha atapiga kelele kwamba hawana nidhamu.

Wagawe watoto haohao makundi manne ya watano watano, kila kundi na mpira wake. Sasa kila mtoto anapata zamu 16, yaani dakika 8. Mipira ikikosekana, hata wa matambara uliofungwa vizuri mfano wa yai unafaa kwa pasi za karibu. Nidhamu nayo hujitokeza yenyewe, kwani mtoto mwenye kazi mkononi hana muda wa fujo.

Kabla ya kuanza zoezi lolote, kocha ajiulize maswali manne. Je, wote wanashughulika? Je, zoezi lina lengo ninaloweza kulitaja kwa sentensi moja? Je, linafurahisha? Je, ni salama? Likikosa hata moja kati ya hayo, libadilishe.

Anza na mchezo, ufundi ufuate

Makocha wengi hufunza pasi wiki nzima, kisha Jumamosi wanashangaa kwamba mtoto hajui ampasie nani. Sababu ni kwamba alifunzwa mikono, hakufunzwa macho. Mwaka 1982 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, David Bunker na Rod Thorpe, walieleza njia tofauti: mpe mtoto mchezo mdogo kwanza, umfanye aone tatizo, ndipo umfunze ufundi wa kulitatua. Njia hiyo leo imeenea katika michezo mingi ya timu.

Kwa raga, mchezo mdogo ulio bora ni ule usio na kukabana. Kila mchezaji anachomeka vipande viwili vya kitambaa kiunoni. Leso kuukuu ikikatwa inatosha timu nzima. Badala ya kumwangusha mwenye mpira, mpinzani anachomoa kitambaa, na aliyechomolewa lazima apasie. Kanuni za raga zinabaki: mpira haurushwi mbele kwa mikono, na alama hupatikana kwa kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, jambo ambalo kwenye mechi kamili huitwa trai na lina pointi 5.

Wacheze wanne kwa wanne, au wape washambuliaji watatu dhidi ya walinzi wawili. Baada ya dakika tano simamisha mchezo na uulize: “Nafasi ilikuwa wapi?” Nyamaza uwangoje. Mmoja atasema, “Kule pembeni, kocha.” Uliza tena: “Tufanyeje mpira ufike kule upesi?” Hapo ndipo utakapofunza pasi ndefu, na mara hii watataka kuijua kwa sababu wameuona umuhimu wake. Kisha warudi mchezoni waijaribu.

Kuuliza hakumpunguzii kocha heshima. Mechi ikianza, kocha yuko nje ya mstari na mtoto yuko peke yake na mpira. Aliyezoea kuamriwa kila hatua atageuka kukutazama wewe, na hapo hapo atakabwa.

Sema machache, onyesha zaidi

Mfano wa kocha wa maneno machache ni John Wooden wa mpira wa kikapu, aliyeiongoza timu ya wanaume ya UCLA kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10. Katika msimu wa 1974-75 watafiti wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa mazoezini mwake wakiandika kila alichokisema. Sifa zilikuwa chache, na maneno ya kukasirika yalikuwa machache pia. Sehemu kubwa mno ya maneno yake ilikuwa maelezo mafupi ya nini cha kufanya na namna ya kukifanya. Mchezaji akikosea, alimwonyesha namna sahihi, akaiga kosa lenyewe, kisha akaonyesha tena namna sahihi. Sekunde chache tu, kazi ikaendelea.

Basi badala ya “Wewe vipi? Huoni?”, mwambie mtoto, “Vidole vielekee kwa unayempasia. Tazama. Jaribu tena.” Chagua jambo moja kwa siku. Ukisahihisha mambo sita kwa pamoja, mtoto hatashika hata moja.

Sifa nazo zina namna. “Vizuri sana” inayotolewa kwa kila kitu huishiwa na thamani. Sema ulichokiona: “Nimependa ulivyorudi mbio kumsaidia mwenzako.” Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza chanda kijue wema wake ni upi. Na aliyejitahidi akashindwa naye asifiwe kwa kujitahidi.

Kukaba: hapa hakuna mzaha

Sehemu ya hatari zaidi katika raga ni kumkaba mwenye mpira na kumwangusha. Uchunguzi wa World Rugby, shirikisho la raga duniani, katika mechi za watu wazima ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya matukio ya kuumia kichwa hutokea katika kukaba, na mara nyingi anayeumia ni yule anayekaba. Maana yake ni kwamba ufundi mzuri wa mkabaji unalinda kichwa chake mwenyewe. Kwa hivyo kocha asiwahi kumtupa mtoto kwenye mechi kamili bila kumfunza haya kwa hatua.

Hatua ya kwanza, wote wawili wamepiga magoti. Ya pili, mwenye mpira anatembea, mkabaji amepiga goti. Ya tatu, wote wanatembea. Ya nne, wanakimbia polepole. Mtoto haendi hatua inayofuata mpaka ile ya kwanza imekaa sawa. Wapange kwa umbo na nguvu, usitazame umri peke yake, kwani wa miaka kumi na nne mmoja anaweza kuwa na uzito maradufu ya mwenzake.

Mambo ya kusisitiza ni haya. Macho yawe wazi na kichwa kiwe juu, kwani kidevu kikishuka kifuani shingo iko hatarini. Alenge kiuno au mapaja, kwa sababu sheria inakataza kukaba juu ya mstari wa mabega. Mguu mmoja ukanyage karibu na mwenye mpira. Bega ligonge, na kichwa kiwe upande wa nyuma ya mwenye mpira; kamwe kisikatize mbele yake. Mikono imzunguke imbane, miguu isukume mpaka chini. Kisha amwachilie na asimame upesi.

Sisi wa Pwani tuna neema hapa ambayo bara hawana. Maji yakipwa, mchanga wenye unyevu ni godoro tosha la kufunzia hatua hizi. Chungulia ratiba ya maji, na kabla ya kuanza pita na watoto mkiokota vigae vya chupa.

Kichwa kikigongwa

Kocha asiyejua dalili za mtikisiko wa ubongo asipewe watoto wa watu. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, kuona ukungu, kuyumba, kuchanganyikiwa, kusahau alama au siku, au kuwa mzito wa kujibu. Si lazima azimie.

Kanuni ni moja: ukishuku tu, mtoe, na asirudi uwanjani siku hiyo hata akilia. Asiachwe peke yake, mzazi wake aambiwe ana kwa ana, na aonekane na daktari. Kurudi mchezoni kuwe kwa hatua, baada ya mapumziko na ruhusa ya daktari. Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia, akishikwa na degedege, au akilalamika shingo, hiyo ni ya hospitali papo hapo. Mwenye maumivu ya shingo asinyanyuliwe na wenzake kishujaa. Atulizwe alipolala, kichwa kisisogezwe, mpaka wanaojua wafike.

Kinga pia ipo. World Rugby ina mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo Activate, yanayochanganya mizani, nguvu za shingo na miguu, na namna ya kutua. Yalitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Bath katika shule za wavulana Uingereza. Timu zilizoyafanya angalau mara tatu kwa wiki zilipunguza majeraha ya mechi kwa asilimia 72, na mitikisiko ya ubongo kwa asilimia 59. Hayahitaji chombo chochote, yanachukua takriban robo saa, na maelezo yake hupatikana bure mtandaoni, pamoja na kozi fupi ya usalama iitwayo Rugby Ready.

Moyo wa kucheza hutoka wapi?

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walieleza kwamba mtu hudumu kwenye jambo akipata vitu vitatu: kuwa na sauti katika anachokifanya, kujiona anaendelea mbele, na kujiona ni wa hapo. Kocha wa mtaani anaweza kuvitoa vyote bila senti.

Sauti: waache wachague mchezo mmoja wa siku, na unahodha uzunguke. Maendeleo: kila mwezi mpime mtoto na nafsi yake ya mwezi uliopita, kwa mfano pasi ngapi sahihi kati ya kumi kwa mkono wa kushoto. Usimpime na yule hodari wa timu. Kuwa wa hapo: mjue kwa jina lake, na asipoonekana siku mbili tuma mtu aulize. Mtoto aliyeulizwa hali yake anajua ana mahali.

Na kila mtoto acheze. Kumleta kijana kutoka Likoni kwa feri halafu akae benchi kutwa nzima ni kumfunza kwamba hatakikani. Katika raga ya saba kila kipindi ni dakika 7 tu, kwa hivyo siku ya mashindano ina mechi kadhaa na nafasi za kutosha.

Wape na mfano wa kutazama. Aprili 2016 Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, iliifunga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, taji letu la kwanza katika msururu wa dunia. Kocha wake, marehemu Benjamin Ayimba, alikuwa mwenyewe mchezaji aliyekulia katika raga ya hapa nchini. Wasichana nao wajue kwamba Lionesses walicheza Olimpiki ya Rio 2016 na ile ya Tokyo.

Mambo yetu ya Pwani

Jua letu halina huruma. Kuanzia baada ya alasiri, saa kumi na nusu, kunafaa zaidi, na mazoezi yaishe mapema ili watoto wawahi magharibi. Maji yawepo kila robo saa. Kumnyima mtoto maji ili akomae ni kumweka hatarini.

Ratiba ya madrasa iheshimiwe. Kocha anayepanga mechi Jumamosi asubuhi bila kuzungumza na ustadh anamlazimisha mtoto kuchagua, na mzazi ndiye atakayemchagulia. Zungumzeni kabla ya muhula. Ramadhani usifunge uwanja. Punguza mbio, fanya dakika 30 za pasi na mikakati karibu na futari, na usimkebehi aliyechoka.

Kuhusu mabinti, wazazi wengi hukataa kwa sababu ya mavazi. Waambieni kwamba Sheria ya 4 ya raga inaruhusu hijabu, mradi isilete hatari, na inaruhusu suruali ndefu za kubana chini ya kaptula. Awepo mama au dada mkubwa mazoezini, na kocha asikae faraghani na mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Hilo linamlinda mtoto na linamlinda kocha.

Mpango wa saa moja

Kwa anayeanza, huu unatosha:

- Dakika 5: salamu kwa majina, na kutaja lengo moja la siku.
- Dakika 12: kupasha mwili kwa mazoezi ya Activate.
- Dakika 15: mchezo mdogo wa vitambaa, wanne kwa wanne.
- Dakika 10: ufundi mmoja uliojitokeza mchezoni, katika makundi madogo.
- Dakika 15: mchezo tena, ufundi ule ukitumika.
- Dakika 3: duara. Kila mmoja amtaje mwenzake aliyemsaidia leo.

Makocha wetu wanajitolea, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lau serikali za kaunti zingewapa hata mipira kumi na semina moja kwa mwaka, tungeona tofauti. Lakini kuacha foleni, kupunguza kelele, kuuliza swali na kumtaja mtoto kwa jina hakuhitaji bajeti. Kocha, ukitaka kujua umefunza vizuri leo, usiangalie alama za mechi. Hesabu waliorudi kesho yake.